Neno kuwemo kwenye kamusi hakulizuii kuwa tusi

Ndugu, umeuliza kama "shoga" na "hanithi" ni matusi kwa watu transijenda (wale ambao jinsia wanayojitambua nayo ni tofauti na waliyotajwa nayo walipozaliwa), ilhali yote yamo kwenye kamusi. Kwangu mimi ni matusi, na kamusi haiyasafishi. Kamusi hutoa maana. Haikuonyeshi nani anarushiwa neno hilo, wala kwa sauti gani.

Chukua "shoga". Mwanamke akimwambia rafiki yake wa kike "njoo shoga yangu", hayo ni mapenzi matupu. Neno hilohilo apigiwe kelele dada transijenda anayeshuka kwenye basi, abiria wote wageuke kumkodolea macho, hapo linamvua utu. "Hanithi" ndiyo mbaya zaidi, maana tangu mwanzo linamtaja mtu kwa upungufu.

Na wanaosema watu transijenda "ni wagonjwa tu", hawana pa kujificha: Shirika la Afya Duniani lilipopitisha ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, mwaka 2019, liliondoa suala la kuwa transijenda kwenye kundi la magonjwa ya akili.

Watu transijenda wao kwa wao wakiitana "shoga" au "hanithi" kwa utani, hilo ni lao. Halitupi sisi ruhusa.