Ndege wa Ulaya kwenye mabwawa ya Tabora: usisubiri Januari

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Umemaliza chuo, uko Nzega unasubiri ajira na unataka kujitolea kwenye hifadhi ndogo ya karibu. Umesoma kwamba ndege wa Ulaya hukimbilia huku kukwepa baridi ya Desemba mpaka Februari, nawe unataka kuwaona. Na huna darubini. Waliotangulia kukujibu wamekupeleka pori la akiba la Moyowosi ukamwone korongo nyangumi, yule mwenye mdomo mpana kama kiatu. Mimi niko Uyui, najitolea misimu kadhaa sasa kwenye bwawa la kijiji lenye kipande cha miombo pembeni. Jina lake silitaji hapa, maana wenye manati nao wana bando.

Moyowosi sibishani nayo. Iko ndani ya ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, ambayo ndiyo ya kwanza Tanzania kuingia kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, na ukubwa wake ni zaidi ya hekta milioni 3. Lakini kule unahitaji kibali, gari, mafuta, askari wa kukusindikiza na mtumbwi. Utaenda mara moja, utapiga picha, utarudi kusimulia. Kazi ya kujitolea inataka mahali unapofika kwa baiskeli, asubuhi, hata siku ambayo mfukoni huna kitu. Bwawa la kijiji, lambo la ng'ombe, ukingo wa majaruba, hata bwawa la Igombe kama utapata lifti, hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa hilo la Desemba mpaka Februari, na hapa ndipo wageni wengi wanapotea. Aliyeandika hivyo alikuwa na kalenda ya kwao mkononi. Baridi yao kweli huanza Desemba, lakini ndege hawasubiri theluji iwaangukie. Wanaondoka mapema, wadudu wanapoanza kupungua. Chamchanga, wale ndege wa miguu mirefu wanaokimbiakimbia kwenye tope, huku kwetu huanza kuonekana tangu Agosti, na Oktoba wanakuwa wengi. Fikiria bwawa letu linavyokuwa Oktoba. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili au Mei, maji yamerudi nyuma mpaka katikati, tope limebaki wazi pande zote, na ndani ya tope kuna minyoo na viluwiluwi vya kila aina. Ndege wote wa eneo zima wanalazimika kukusanyika hapohapo, wenyeji na wageni, kwa sababu kwingine kumekauka. Unakaa chini ya mti mmoja na kila kitu kiko mbele yako.

Mvua ikishika, tuseme Desemba, mambo yanageuka. Tope linafunikwa, majani yanaota mpaka kiunoni, na kila mbuga ya udongo mweusi, kila jaruba, kila shimo la kuchimba kifusi kando ya barabara linakuwa bwawa. Ndege waliokuwa sehemu moja wanatawanyika kilomita na kilomita. Ukifika Januari na darubini ya kuazima utaona yangeyange wachache, mnandi mmoja anaanika mabawa, na utarudi nyumbani ukisema hawa watu wa ndege ni waongo.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza 1967 na kuratibiwa na Wetlands International, hufanyika Januari. Kwa Ulaya ni sawa kabisa, maana wakati huo ndege wametulia, hawasafiri. Kwetu Januari ni katikati ya mvua. Hesabu Januari, ndiyo, ili namba yako iweze kulinganishwa na za wengine, lakini usiishie hapo. Hesabu na Oktoba, hesabu na Machi. Mtu akiichukua namba ndogo ya Januari peke yake anaweza kuandika ripoti kwamba bwawa limekufa, kumbe ndege wako majarubani kwa jirani.

Machi na Aprili ndio msimu ninaoupenda mwenyewe. Wageni wanajiandaa kurudi, wamenenepa, wamebadili manyoya. Mbayuwayu wa Ulaya, yule mwenye koo la rangi ya kutu na mkanda mweusi kifuani, hufika huku amechakaa, mkia umekatikakatika. Manyoya yake anayabadilishia huku Afrika, kwa hiyo kabla ya kuondoka unamwona kwenye nyaya za umeme anang'aa, mkia mrefu wa panda umekamilika. Kuna na yule mdogo wa njano anayetikisa mkia muda wote. Huyo mtafute miguuni mwa ng'ombe, anafuata wadudu wanaorushwa na kwato. Aprili anakuwa wa njano kama ua la alizeti. Mwezi Juni, kipupwe chetu kikipiga na watu wanaota moto asubuhi, hao wote hawapo, isipokuwa chamchanga wachache, wengi wao vijana wa mwaka wa kwanza ambao hawakuona haja ya kurudi.

Usidhani pia kila mgeni anatoka Ulaya. Tai wa nyika anatoka Urusi na Kazakhstan huko. Anatua shambani baada ya mvua na kutembea chini kama kuku akidonoa kumbikumbi, jambo linalowashangaza sana wanaodhani tai ni wa kula mbuzi tu. Na kuna korongo mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe, anayezaliana Sahel wakati wa mvua za kule, Sudani, Chadi na Niger, kisha anashuka kwetu mvua zetu zinapoanza. Baridi hajawahi kuiona maishani mwake. Anafuata mvua.

Huyo korongo atakusaidia kwa wakulima, na wakulima utawahitaji. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hakuna atakayekuambia. Ukianza kuzunguka ukingo wa majaruba na daftari ukisema unahesabu ndege, mtu wa kwanza kukuuliza atakuwa mama aliyeamka alfajiri kufukuza kwelea kwelea kwa kupiga debe. Kwake ndege ni adui, tena adui anayekula ada ya shule. Usimhubirie uhifadhi. Msaidie kufukuza kwanza. Mkishazoeana mwonyeshe kwamba makorongo wanaotua shambani wanakula viwavijeshi na panzi, mpunga hawaugusi. Mwonyeshe tai anavyokwenda kwenye makundi ya kwelea kwelea wanapozaliana na kula makinda. Kwelea kwelea wakizidi, serikali huwanyunyizia dawa kwa eropleni, na ile dawa ya fenthion haichagui: kipanga akiokota kwelea aliyekufa kwa sumu naye anadhurika. Kwa hiyo ukiokota tai au korongo aliyekufa baada ya kunyunyizia, andika tarehe na mahali, mpelekee taarifa afisa wanyamapori wa wilaya, na wala usiruhusu watoto wambebe kwenda kuchoma.

Ukikuta ndege, mzima au mfu, mwenye pete ya chuma au plastiki mguuni, soma namba zote na uzipige picha. Watu wengi wanaogopa, wanasema ni mambo ya kishirikina au ujasusi. Usiwacheke. Mwaka 2013 kule Misri korongo mwenye kifaa cha kufuatilia safari yake alikamatwa na kufikishwa polisi akidhaniwa jasusi. Pete inawekwa ili ijulikane ndege amefika wapi na ameishi muda gani. Kabla ya hapo hao Wazungu wenyewe hawakujua ndege wao wanaenda wapi, wengine waliamini mbayuwayu analala chini ya maji ya ziwa mpaka baridi iishe. Mwaka 1822 huko Ujerumani akapatikana korongo mweupe aliyerudi na mkuki umemchoma shingoni, mti wake wa Afrika ya Kati, naye amepaa nao hivyohivyo mpaka kwao. Yupo mpaka leo, amekaushwa, chuo kikuu cha Rostock. Nikiwasimulia wazee wa kijijini hiyo hadithi huwa wanauliza kwanza mrushaji alikuwa kabila gani.

Kuhusu kujitolea kwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi haihusu ndege. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi, na kuna kamati ya maliasili ya kijiji inayousimamia. Hao ndio wenyeji wako. Nenda kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti, jitambulishe, omba kuhudhuria kikao cha kamati, kaa nyuma usikilize. Usifike na fulana iliyoandikwa jina la kikundi chako. Kisha watakupa kazi, na kazi itakuwa kufyeka barabara za kuzuia moto kuanzia Mei na Juni kabla majani hayajakauka kabisa, kuongozana na doria, kutoa nyavu za macho madogo zilizoachwa majini (mnandi na mdiria hunasa humo wakafa), kupatanisha wafugaji na wavuvi wanaogombea njia ya maji. Ndege utawaangalia njiani. Mimi naona ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu moto mmoja wa Septemba unaharibu vingi kuliko manati zote za kata.

Watoto wa manati nao usiwafukuze. Wana macho kuliko sisi. Aliyekuwa analenga ndege kila siku anajua wapi fundi chuma amejenga na saa ngapi furukombe anashuka. Tulichofanya sisi ni kuwapa kazi ya kuhesabu mbayuwayu kwenye nyaya, na ubishi wao sasa ni nani kapata namba sahihi. Wengine bado wanapiga njiwa. Hatudanganyani.

Kuhesabu si kugumu. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi kwanza, angalia hao kumi wamechukua nafasi gani, kisha pima kundi lote kwa nafasi hiyo. Andika pia saa, hali ya hewa, maji yamefika wapi (chagua jiwe au kisiki kimoja uwe unakitumia hichohicho), na usiache kuandika siku uliyokosa ndege. Siku tupu ni taarifa kama siku nyingine. Tumia kaunta buku na penseli, wino unayeyuka mvua ikinyesha. Ukirudi kwenye mtandao unaweza kuingiza kwenye eBird, tovuti ya kutunza kumbukumbu za ndege, ni bure, na takwimu zako zinakaa pamoja na za dunia nzima. Programu ya Merlin, ya kutambua ndege kwa simu, nayo ni bure na ukishapakua data ya eneo inafanya kazi bila bando, ila isiamini moja kwa moja, inakisia kama sisi.

Darubini. Anza bila. Korongo, furukombe, yangeyange, mbayuwayu na tai wote unawaona kwa macho, na miezi ya mwanzo ni ya kuwajua wenyeji vizuri, maana mgeni humtambui kama hujawazoea wa nyumbani. Ukipata hela tafuta iliyoandikwa 8x42 au 8x40, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42 au 40. Usidanganywe na zile za mnadani zilizoandikwa namba kubwa kubwa. Zinatikisika, na picha inakuwa giza.

Mavazi: usivae bluu wala nyeusi ukiingia miombo, mbung'o wanazipenda rangi hizo, na malale bado si hadithi ya kale huku kwetu. Kijani kilichopauka au kaki ni sawa. Vaa gambuti ukingoni, na maji ya bwawa usiyaingie miguu mitupu hata kama wavuvi wanaingia, kichocho hakichagui. Asubuhi mapema nenda na mwenzako. Mamba hawapo kila bwawa, lakini waulize wavuvi kabla, usiulize baadaye.

Cheti umekitaja mwishoni kwa aibu, wala usione aibu. Posho usitegemee, ila barua unaweza kupata. Ukishafanya kazi msimu mmoja na kamati, omba barua ya utambulisho yenye mhuri wa kijiji inayoeleza ulichofanya, na ambatanisha nakala ya kaunta buku lako. Nimeona vijana wawili waliopata kazi za muda kwenye utafiti kwa sababu tu walikuwa na daftari lenye tarehe mfululizo, wakati wenzao walikuwa na cheti cha semina.

Oktoba hii anza na lambo lolote hapo Nzega. Utakwama kwenye chamchanga, kila mtu hukwama. Angalia kama akisimama anatikisa makalio muda wote, kama akiruka mgongo wake una weupe juu ya mkia, na kama mdomo umepinda kidogo kwenda juu huku miguu ni ya kijani. Hizo alama tatu zinakutenganishia watatu wanaoonekana zaidi. Ukishindwa bado, pitisha kamera ya simu kwenye kioo cha darubini ya mtu, picha itatoka mbovu lakini miguu na mgongo vitaonekana, iweke hapa tuibishanie.