Kabla ya kuchora herufi za babu yako mkononi, soma barua zake

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kisauni, ambaye sasa yuko Dubai kikazi, aliniandikia. Aliiona kadi ya arusi niliyoiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, naye anataka kujua aanzie wapi, na kwenye simu aandikeje. "Bibi yangu anasoma hizi kama maji," akasema, "mimi nabaki kuangalia." Jibu fupi nilimpa siku hiyo hiyo. Jibu refu ni hili, maana hamu ya jambo hili sikuipatia Lamu nilikozaliwa. Niliipatia Doha, kwa Mnepali.

Tulikuwa walinzi wa zamu moja, kwenye jengo la ofisi ambalo usiku halipiti hata paka. Yeye ni Mnewari, mtu wa wenyeji wa bonde la Kathmandu, wa Lalitpur, mji ambao wenyewe wanauita Yala, ng'ambo ya mto kutoka Kathmandu. Akishamaliza mzunguko wake, huketi kibandani, akachukua kijiti cha aiskrimu alichokikata ncha mshazari, akachovya wino, akaandika Ranjana nyuma ya karatasi kuukuu za ratiba. Hiyo ni hati ya Wanewari yenye umri wa karibu miaka elfu: kila herufi inaning'inia kwenye mstari mnene wa juu, na mikono ya chini inapinda na kuishia kwa ncha kali. Usiku mmoja alinionyesha mtindo wao wa kutakshar, ambao herufi za neno hupandanishwa moja juu ya nyingine hadi zikawa nguzo. Aliliandika jina langu hivyo. Karatasi ninayo hadi leo, na haiuzwi.

Basi nikadhani amelelewa ndani ya mambo hayo. Wapi! Wazazi wake walimkuza kwa Kinepali ili asichekwe lafudhi shuleni, na Nepal Bhasa, lugha ya kwao, ikabaki ya bibi na ya jikoni. Wazazi hao nao wasilaumiwe haraka. Utawala wa ukoo wa Rana uliwafunga watu kwa kuandika lugha hiyo. Mshairi Chittadhar Hridaya alitupwa jela miaka ya 1940 kwa sababu ya shairi, na humo humo akatunga utenzi mrefu wa maisha ya Buddha. Mwaka 1965 Radio Nepal iliitoa lugha hiyo hewani. Halmashauri ya Kathmandu ilipoamua kuitumia ofisini pamoja na Kinepali, mahakama ya juu kabisa ya nchi ikatamka tarehe 1 Juni 1999 kwamba ni kinyume cha katiba. Mzazi aliyeyaona hayo atamwambia mwanawe nini? Sensa ya 2011 ilihesabu Wanewari zaidi ya milioni 1.3, na waliosema hiyo ndiyo lugha yao ya mama hawakufika 850,000.

Vijana wao sasa wameamka. Ranjana iko kwenye fulana, kwenye vibao vya maduka, kwenye chale za mikono. Rafiki yangu alilifurahia hilo nusu tu. Kuna wenzake, alisema, wamejichora bega zima na hawawezi kumwomba bibi maji ya kunywa. Yeye alipita njia nyingine: siku ya mapumziko alimpigia bibi yake simu, akakataa Kinepali hata mazungumzo yalipokwama, na kila alichokisikia akakiandika. Hati nyingine ya Wanewari, Prachalit, iliingizwa mwaka 2016 kwenye Unicode, orodha ya herufi zinazotumika kwenye kompyuta na simu, kwa hiyo hata ujumbe wa simu alikuwa akiuandika kwa herufi zao.

Mimi nilikuwa na deni langu. Darasani, zamani, mwalimu mmoja aliichana karatasi yangu mbele ya wenzangu kwa sababu niliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani. Ushamba, alisema. Jina lake silitaji. Ila kama anasoma hapa, ajue kwamba siku hizi watu hunijia kutoka Faza na Siyu, vijiji vya kisiwa cha Pate, na barua za wazee wao, niwasomee.

Niliporudi nilifungua kasha la babu. Na usidhani kuisoma Kurani kunatosha, ndugu yangu. Wazee waliandika haraka, irabu hawakutia, na herufi ile ile ya b hapa ni b, pale ni mb, kwingine ni p. Barua ya kwanza ilikuwa ya biashara ya boriti. Mstari mzima ulinishinda. Bibi alinisikiliza nikibabaika, akacheka, akasema: "Korja, mwanangu. Korja tatu." Yaani mafungu ya boriti ishirini ishirini. Hakuitazama hata karatasi. Alijua tu mzee angeandika nini.

Ndiyo maana nasema: anza na karatasi za nyumbani kwenu. Zisome kwa sauti, mbele ya mtu mzima anayeijua lugha. Usianze na kozi ya kulipia, usianze na tatuu, anza na karatasi za nyumbani. Vijana wenzangu, tunapenda sana kupiga picha urithi na tunachoka upesi kuukalia kitako. Bibi yuko hai leo. Mpigie. Usingoje likizo, usingoje mradi wa wafadhili, wala usingoje serikali ikukumbuke. Wanewari wangengoja hayo wangekuwa wameshasahau kila kitu.

Uliniuliza pia kuhusu simu. Kibodi ya Kiarabu ya kawaida itakusumbua kwa p, ch na g. Weka ya Kiajemi au ya Kiurdu, zote zinazo. Kisha mwandikie bibi yako salamu leo, na akikupigia kukukosoa usianze kujitetea.