Redio mpya, asubuhi gari inasukumwa

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi napiga teksi ya mtandao hapa Dar, nina Toyota IST. Mwezi uliopita nikasema na mimi nipendezeshe gari, nikaenda Kariakoo nikafunga redio ya Android ya inchi 9, kamera ya kurekodi ya mbele na zile taa za LED za chini ya siti, abiria wanazipenda hatari. Siku mbili za kwanza raha tupu, ya tatu asubuhi napiga stata, tik tik tik, kimya. Nimenunua betri mpya na bado, nikipaki Jumamosi jioni basi Jumatatu nasukumwa na vijana wa bodaboda. Aliyenifungia anasema alteneta imechoka, nibadilishe? (Dereva, Tabata)

JIBU: Kaka pole, hiyo hela ya alteneta iache mfukoni kwanza. Alteneta ndiyo inayochaji betri injini ikiwaka, ikichoka ingekusumbua hata mchana ukiwa kazini, ile taa ya betri ingewaka pale kwenye dashibodi na gari ingeweza kukuzimikia foleni ya Ubungo. Yako inakufa ikiwa imelala, maana yake kuna kitu kinakunywa umeme usiku wewe ukiwa ndani unakoroma.

Nikuulize swali moja tu, ukizima gari na kuchomoa funguo redio inazima yenyewe au unaizima kwa kidole? Kama ni kwa kidole basi tumeshamkamata mwizi. Redio hizi zina waya wa njano na waya mwekundu. Wa njano unatakiwa kuwa na umeme muda wote, ndio unaoitunzia redio saa na stesheni zako, unakula kidogo sana. Mwekundu unatakiwa upate umeme ukiwa umezungusha funguo tu. Sasa fundi akiwa na haraka, au umeme wa funguo hajaupata, anaisokota njano na nyekundu pamoja anapiga tepu nyeusi anakwambia boss tayari. Redio inawaka, muziki unalia, unamlipa unaondoka, kumbe umeondoka na kompyuta isiyolala. Akikosea upande wa pili, yaani zote mbili akazipeleka kwenye funguo, betri haifi ila kila ukiwasha gari redio inaanza upya kama imezaliwa leo.

Hesabu yake ni hii. Tuseme vitu vyako vyote vinakula ampea 0.5 gari ikiwa imezimwa. Jumamosi saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 12 asubuhi ni masaa 36, hapo umepoteza ampea 18 za saa, na betri ndogo ya IST nyingi ni kama 35 hivi zikiwa mpya. Nusu imeondoka, stata itazunguka na nini? Ndio maana betri mpya haikukusaidia, na ukiendelea kuikausha hivyo na hiyo mpya utaizika, betri za gari hazipendi kukaushwa kabisa.

Kupima ni rahisi, tafuta mtu mwenye multimita ya ampea 10. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa gari itulie, halafu toa waya wa negativu kwenye betri na mita ikae katikati ya betri na huo waya. Gari ikiwa nzima usomaji unakuwa chini ya 0.05. Ukiona 0.4, 0.5 anza kuchomoa fyuzi moja moja, ile ambayo ukichomoa namba inaanguka ndiyo yenye mgonjwa. Ila tafadhali usiwashe gari mita ikiwa pale, utaichoma na kesho utanilaumu mimi.

Kamera nayo iangalie. Kama inarekodi hata ukiwa umepaki, iwekewe ule waya wake maalum unaokata umeme betri ikishuka kufika volti 12 hivi, betri iliyojaa na kutulia ni 12.6. Taa za siti mara nyingi huwa wameziiba umeme kwenye taa ya paa ambayo ni ya muda wote, zihamishie kwenye umeme wa funguo, na ziwe na fyuzi yake, hili la fyuzi nalisema kila wiki na kila wiki naletewa gari yenye waya ulioungua chini ya kapeti.

SWALI: Dada yenu wa Dodoma. Gari yangu imetoka Japani na redio yake original inaishia 90, stesheni za mbele sizipati. Lazima ninunue redio mpya?

JIBU: Hapana dada. Kwa Wajapani FM inaanzia 76 na redio zao nyingi za zamani zinaishia 90, ndio maana. Nunua band expanda, kidude kidogo kinakaa kati ya waya wa antena na redio na kinashusha stesheni zote. Ikiwa ni ya kushusha 12, basi stesheni ya 93.7 utaikuta 81.7, utazoea. Kasoro yake ni kwamba mawimbi yanapungua kidogo, ukiwa safarini utasikia mikwaruzo mingi. Mimi kama redio bado inapiga vizuri naweka expanda.

SWALI: Nataka siti kava za ngozi na mati nene za mpira, nina watoto watatu na gari imejaa makombo. Kuna ubaya? (Mama Watatu, Arusha)

JIBU: Mama, mati nenda nazo ila ya dereva ikamatwe na ndoano zake na usipandishe mpya juu ya ya zamani. Mwaka 2009 Toyota waliyaita yarudi kurekebishwa magari kama milioni 3.8 Marekani kwa sababu mati ilikuwa inaweza kukandamiza pedali ya mafuta. Siti kava angalia ubavu wa siti ya mbele, ukiona kijilebo cha AIRBAG tafuta kava yenye upande wazi au uzi wa kuachia, ile ya kushonwa kote inaziba mfuko wa hewa wa ajali usitoke.

SWALI: Mimi kinyozi, nataka inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, nichomeke kwenye tundu la sigara niwafuate wateja. (Mwanza)

JIBU: Tundu hilo fyuzi yake mara nyingi ni ampea 15, kwa volti 12 ni wati 180 mwisho kabisa. Mashine ya kunyolea haifiki hata 20, nyoa mpaka usiku. Drayeri ya nywele usiijaribu.