Hela ya Mabati Imeishia Kwenye Katuni

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mitumba soko la Majengo hapa Dodoma. Mume wangu ni mtumishi, ofisi yao iko Mtumba. Tumepanga Chang'ombe, lakini boma letu liko Nzuguni limefika usawa wa kupaua, na tulikuwa tumetunza Sh 2,200,000 za mabati ili tupaue kabla ya mvua.

Mwezi uliopita nikakuta hela haipo. Amenunua maboksi matatu ya vitabu vya katuni vya Kimarekani, vingi vya mwaka 1991 hadi 1993, kwa mtu wa Dar es Salaam aliyemwambia ni uwekezaji. Nikilalamika ananionyesha kwenye simu habari ya kitabu cha Superman kilichouzwa mabilioni. Kimoja hataki hata nikiguse, kiko ndani ya mfuko mweusi wenye S nyekundu. Tangu nimjue ni mtu wa katuni, ana hadi magazeti ya Sani ya marehemu baba yake, ameyafungia kwenye sanduku la bati. Hayo sikuwahi kuyasema vibaya. Ila haya maboksi yaliyojaa uvunguni nataka kumpa mama wa karanga afungie. Je, ni mali kweli? Niwaambie wakwe?

Mama Wawili, Chang'ombe

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na mama wa karanga: usimpe hata karatasi moja. Umekasirika, na una haki, lakini ukishafanya hivyo kesi itageuka. Leo mwenye kosa ni mumeo. Kesho mtakuwa wawili mnaodaiana, na hela ya mabati haitarudi.

Kosa lake nalitaja bila kuzunguka. Hela iliyochangwa na watu wawili, imepangiwa kazi, haiguswi na mmoja kimyakimya. Hata angenunua kiwanja Iyumbu kwa bei ya kutupa, bado angekuwa amekosea. Hilo usikubali lifunikwe na mjadala wa kama katuni zina thamani au hazina.

Sasa tuje kwenye thamani, maana hapo ndipo anapokushinda kwa maneno.

Habari anayokuonyesha ni ya kweli. Mwezi Novemba 2025 nakala ya toleo la kwanza la Superman, la mwaka 1939, iliuzwa kwenye mnada Marekani kwa zaidi ya dola milioni 9, ambazo ni zaidi ya shilingi bilioni 20. Ndugu watatu waliikuta kwenye dari la nyumba ya mama yao aliyefariki, ndani ya boksi lenye magazeti ya zamani. Mama huyo alikuwa nayo tangu utotoni, enzi ambazo kitabu kama hicho kiliuzwa senti 10. Hakukuwa na mtu aliyewaza uwekezaji. Watoto wa wakati ule walisoma, wakaazimana, wakachana, mama zao wakatupa. Ikaja Vita Kuu ya Pili, karatasi zikakusanywa kwa ajili ya vita, vingi vikaishia huko. Kilichobaki ni kidogo sana, na kilichobaki kikiwa safi ni kidogo zaidi. Huo uchache ndio unaolipiwa mabilioni.

Vya mumeo ni vya 1991 hadi 1993, na miaka hiyo ina habari yake. Watu walikuwa wameshasikia kwamba katuni za zamani ni dhahabu, basi kila mmoja akaanza kununua mpya na kuzificha. Wachapaji nao wakachapa bila kuchoka, wakatoa toleo moja kwa majalada tofauti ili mtu anunue mara nne, mara tano. Toleo la kwanza la X-Men la mwaka 1991 lilitoka nakala zaidi ya milioni 8. Ule mfuko mweusi wenye S nyekundu ni toleo namba 75 la Superman, lile alilokufa ndani yake, lililoingia madukani Novemba 1992. Watu walipanga foleni kulinunua. Nakala zilikuwa mamilioni, na wengi walifanya anachofanya mumeo: hawakufungua mfuko. Kwa hiyo hadi leo zipo tele, bado zimefungwa, zinasubiri mnunuzi ambaye naye anazo.

Wewe ni mfanyabiashara na umekaa Dodoma, unalijua soko la mahindi la Kibaigwa. Mwaka ambao kila shamba limetoa, mahindi yanashuka bei hata yawe meupe na makavu kiasi gani. Ubora wa gunia lako haukusaidii wakati magunia yamejaa mpaka barabarani. Katuni za miaka ile zilikumbwa na hilo. Bei ikaanguka, maduka mengi ya katuni Marekani yakafungwa, na kampuni ya Marvel yenyewe, wachapaji wa hao X-Men, ilijikuta mahakamani kwa kufilisika mwishoni mwa 1996.

Ule mfuko mweusi ukiwa safi kabisa unaweza kukupatia hela ya bati moja au mawili. Na mnunuzi wake hayuko Majengo wala Kariakoo, yuko ng'ambo. Nauli ya kumfikishia itakula bati hilo lote.

Sisemi kwamba maboksi yote ni takataka. Hata katika miaka ile kuna matoleo yanayotafutwa, hasa yale ambamo mhusika maarufu alitokea kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana nataka mvikague pamoja kabla ya uamuzi wowote. Jumamosi moja jioni, watoto wakishalala, myavute maboksi, mtandike shuka safi mkekani, mnawe mikono na kuikausha. Wewe shika daftari, yeye ashike vitabu. Aseme jina, namba ya toleo na mwaka, wewe uandike. Kisha aangalie mgongo wa kitabu: kila mkunjo mweupe hapo ni bei inashuka. Pini mbili za katikati zina kutu? Kurasa zimekuwa rangi ya chai? Kona zimeliwa? Kuna kampuni Marekani inaitwa CGC, ipo tangu mwaka 2000, kazi yake ni kukipa kitabu alama kuanzia 0.5 mpaka 10 na kukifungia ndani ya plastiki ngumu. Ile nakala ya mabilioni ilipata 9. Huduma hiyo ni ya kulipia, juu yake weka nauli ya kwenda na kurudi, kwa hiyo msikimbilie huko kwa kitabu cha dola tano.

Mkishaandika, kila kitabu mkitafutie bei kwenye mtandao. Hapa mumeo awe mkweli: aangalie bei ya vilivyokwisha kuuzwa. Bei ya mtu aliyeweka tangazo ni matumaini yake tu, hata mimi naweza kutangaza kanga yangu kwa milioni. Jumlisheni, toeni makato ya mtandao na usafiri. Jibu likiandikwa kwa mkono wako, mbele ya macho yake, litamwingia kuliko kelele zako zote. Vilivyo na bei ya maana vitengeni. Vilivyobaki auze kwa mafungu kwa vijana wenzake wanaopenda katuni, pale Chuo Kikuu cha Dodoma hawakosekani. Kila shilingi itakayopatikana iende kwenye mabati. Kile kitakachopungua akirudishe yeye kutoka kwenye mshahara wake, mwezi kwa mwezi, mpaka kiishe, na kiasi mkiandike kwenye daftari hilohilo.

Na mvitoe uvunguni leo, msingoje Jumamosi. Karatasi za katuni za kale zilikuwa za bei rahisi, zina asidi, zinajichoma zenyewe na kuwa za njano, na joto na mwanga vinaharakisha. Mchwa wa Dodoma ndio sihitaji kukuhadithia. Yapandisheni maboksi juu ya kitu, mbali na ukuta na dirisha. Msivikunje, msivifunge kwa mpira.

Sasa yale magazeti ya Sani. Hayo, mwanangu, yatunzeni. Akina Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge wamesomwa nchi hii mpaka kurasa zikatoka pini. Gazeti moja lilikuwa linapita mtaa mzima, likirudi halina jalada, kisha likafungia bagia. Waliobaki nayo yakiwa mazima ni wachache. Soko lake la kueleweka halipo, kwa hiyo usiyahesabu kwenye mabati, na mumeo asije akayaingiza kwenye hesabu zake za utajiri. Ni ya baba yake, na wanao wana haki ya kuyakuta. Nadhani pia hapo ndipo unapoweza kumwelewa huyu mwanaume. Alianza kupenda katuni akiwa na baba yake, halafu mtu akamuuzia penzi hilo kwa jina la uwekezaji. Mwachie apende. Mpangieni kiasi chake cha mwezi kama wewe unavyokuwa na hela yako ya saluni, anunue katuni asome na watoto, asikuahidi faida.

Akitaka kuwekeza kweli, kwa sasa uwekezaji wenu ni hiyo paa. Mkihamia Nzuguni mtaacha kulipa kodi Chang'ombe, na hiyo ni faida mtakayoishika mkononi. Baada ya hapo ndipo mzungumzie mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, au hatifungani, yaani kuikopesha Serikali kwa riba.

Wakwe bado usiwaambie. Mama mkwe akishajua, hata mkipatana, yeye hatasahau, na katuni zitatajwa kila msiba na kila harusi. Mpe mumeo nafasi ya Jumamosi hiyo kwanza. Akikataa kukaa chini, au akigusa tena hela yenu bila kukwambia, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa, waje nyumbani, na daftari liwe mezani.