Maalim Anajibu: Waziri Aliyeangushwa na Meli

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Mimi mchukuzi hapa bandarini Mkoani, Pemba. Juzi tukingoja meli ya Unguja, mzee mmoja katuambia kuwa waziri wa ulinzi wa Ufaransa aliwahi kuangushwa na kashfa ya meli ya raia, iliyolipuliwa gatini na majasusi wake katika nchi rafiki. Wenzangu wakamcheka. Ni kweli? Waziri mwenyewe nani, alifungwa? Na meli iliishia wapi? Halafu tuulizie, nauli za boti mbona hazishuki?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mzee wenu mnunulieni kahawa, kasema kweli.

Waziri huyo ni Charles Hernu, mzaliwa wa Quimper, 1923. Aliingia bungeni 1956, akaangushwa 1958, asirudi mpaka 1978. Kwa miaka mingi hakubanduka ubavuni mwa François Mitterrand, aliyekuja kuwa rais. Kwangu mimi, kazi yake kubwa aliifanya kabla ya uwaziri: Wasoshalisti, chama chao yeye na Mitterrand, walikuwa hawataki kulisikia bomu la nyuklia, naye ni katika waliowavuta mpaka wakalikubali. Mwaka 1977 akawa meya wa Villeurbanne, pembeni mwa Lyon. Mitterrand aliposhika urais 1981 akampa ulinzi, na wanajeshi, ambao hawakuzoea kuwaamini watu wa mrengo wa kushoto, wakampenda.

Bomu hilo hilo ndilo lililomponza. Ufaransa ilikuwa ikifanya majaribio yake Mururoa, katika Bahari ya Pasifiki, na Greenpeace, shirika la watetezi wa mazingira, wakajipanga kwenda kupinga kwa meli yao, Rainbow Warrior. Mei 1985 meli hiyo ilikuwa imewahamisha watu wapatao 300 wa kisiwa cha Rongelap, kilichochafuliwa na jaribio la Marekani la 1954. Watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maana ya kuhama kisiwa na kuyaacha makaburi ya wazee. Kutoka huko ikaenda kufunga gati Auckland, New Zealand.

Usiku wa Julai 10, 1985, majasusi wa Ufaransa wakaitega mabomu mawili chini ya maji. La kwanza lilipasua ubavu kwenye chumba cha injini, watu wakakimbilia gatini. Fernando Pereira, mpigapicha, hakuwahi kutoka. La pili likalipuka dakika chache baadaye, akafa maji.

Walivyonaswa ndiyo sehemu ninayoipenda. Walinzi wa zamu wa klabu moja ya mashua, waliokuwa wakivizia wezi, walimwona mtu akifika pwani usiku na boti ya mpira, kisha vitu vinapakiwa garini. Wakaandika nambari ya gari. Kumbe la kukodi! Waliolikodi walipokwenda kulirudisha, mwanamme na mwanamke wenye pasi bandia za Uswisi, wakawakuta polisi wanawangoja. Alain Mafart na Dominique Prieur, maofisa wa jeshi la Ufaransa.

Paris ikawa funika kombe mwanaharamu apite. Hernu akakana. Agosti ikatoka ripoti iliyoombwa na serikali, ikasema majasusi hawana hatia. Septemba 17 gazeti la Le Monde likaandika kuwa kulikuwa na kikosi kingine kilichoifanya kazi yenyewe. Septemba 20 Hernu akajiuzulu, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu Laurent Fabius akakiri hadharani: ni majasusi wetu, na walitumwa.

Jela? Hata kushtakiwa hakushtakiwa. Mafart na Prieur walihukumiwa miaka 10. Mwaka 1986, kwa upatanishi wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ufaransa ikailipa New Zealand dola za Marekani milioni 7, na wale wawili wakahamishiwa kisiwa cha Hao, huko huko Pasifiki, kwenye kambi ya Wafaransa, wakae miaka mitatu. Wote wawili walirudishwa kwao kabla ya muda.

Hernu naye alirudi bungeni 1986, na alifariki Januari 1990 akiwa bado meya wa Villeurbanne. Wapo Wafaransa waliomwona shujaa kwa kufunga mdomo. Mimi simo, maana pale kafa mtu. Ila mwaka 2005 Le Monde lilichapisha maelezo ya Admirali Pierre Lacoste, aliyekuwa mkuu wa majasusi, kwamba Mitterrand mwenyewe aliridhia. Kama ni hivyo, Hernu alibeba lawama za wawili.

Meli iliibuliwa, ikaonekana haitengenezeki. Desemba 1987 ikazamishwa kwa makusudi Matauri Bay, kaskazini mwa New Zealand, iwe makazi ya samaki.

Nauli za boti si fani yangu. Barua nimemkabidhi mhariri.