Barua kwa mwanangu: jirani anayejua unapolala

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kuna haja gani ya kujisumbua kujuana na majirani wa jengo lako, ilhali janga likitokea wapo waokoaji waliofunzwa na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Sivibezi vikosi hivyo. Lakini janga likiushika mji mzima, huitwa kila mahali kwa wakati mmoja, na barabara iliyopasuka haipitiki hata kwa gari lenye king'ora.

Tetemeko la Kobe, nchini Japani, lilitokea alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, wengi wakiwa bado wamelala. Watu zaidi ya 6,000 walifariki. Na wengi wa waliotolewa hai chini ya vifusi waliokolewa na jamaa na majirani zao. Huko Hokudan, mji mdogo wa kisiwa cha Awaji karibu na kitovu cha tetemeko, wakazi walijua nani hulala chumba kipi, hivyo wakachimba palepale badala ya kupapasa kifusi kizima. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani siku ya msiba. Hukusanywa kwa miaka ya kubisha hodi, kusalimiana, kuazimana vitu na, nakiri, umbea kidogo.

Nawe ulikuwa mdogo mno kukumbuka usiku ule maji yalipoingia kwetu. Aliyembeba bibi yako mgongoni ni jirani ambaye mimi naye tulikuwa hatusemezani kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mpaka wa ua. Hakuitwa na mtu. Alijua tu kwamba mama hawezi kutembea. Nilishindwa hata kumshukuru, maana kupokea wema wa mtu uliyemnunia ni kuzito kuliko kutoa. Wiki ya tatu, misaada ya mbali ilipokwisha nasi tukiwa bado tunakwangua matope, alirudi na koleo lake, bila maneno. Ule ua ulikwenda na maji, na hakuna aliyeujenga tena.

Kwa hiyo sikuambii uwe rafiki wa kila mtu hapo jengoni. Ila yule mzee wa ghorofa ya chini, uliyeniandikia kwamba hasikii vizuri: je, unajua hulala chumba kipi?

Ni mimi mama yako.