Taya "limekua" milimita 6 kwa wiki tatu? Tafuta rula kwanza

Mkuu, unasema kijana wako kapigwa eksirei ya ubavu wa kichwa mara mbili, vipimo vya taya la chini vikapishana milimita 5, sasa hujui ushike kipi. Yalinikuta hayo na binti yangu. Ya kwanza tulipiga hapa Tanga: milimita 112. Wiki tatu baadaye Dar: 118. Mama yake akaanza kulia.

Umeme ukikatika, washa koroboi, weka kiganja karibu na ukuta, kisha kivute taratibu kuelekea motoni. Kivuli kinavimba, mkono ni ule ule. Eksirei ndivyo ilivyo: mionzi hutoka kwenye nukta moja ikitawanyika, hivyo picha huwa kubwa kuliko mfupa. Tangu daktari wa meno Broadbent wa Marekani alipotoa kifaa chake cha kushikia kichwa mwaka 1931, mazoea ni chanzo cha mionzi kukaa futi 5 kutoka katikati ya kichwa. Ila kichwa kiko mbali kiasi gani na filamu, hapo mashine hazifanani.

Dawa yake ni kile kirula cha chuma kinachoonekana mbele ya paji la uso. Kwenye picha ya Tanga, sentimita 5 za rula zilisoma milimita 54; ya Dar, 57. Piga hesabu (112 × 50 ÷ 54, kisha 118 × 50 ÷ 57): 103.7 na 103.5. Taya halikuota hata punje!

Nakiri kuna bahati humo. Kichwa cha taya, ile ncha ya nyuma kipimo kinapoanzia, kimejificha kwenye mifupa ya sikio, na mpe picha moja madaktari wawili waichore, nukta zao hazitaangukia pamoja. Mara nyingi kosa kubwa liko kwenye penseli kuliko kwenye mashine.

Ndiyo maana daktari wetu alijali zaidi pembe. Picha ikikuzwa sawasawa, pembe haibadiliki. Ila ukiambiwa ANB (pembe inayoonyesha taya la juu na la chini yamepishanaje) ya kawaida ni digrii 2, jua kipimo hicho kimetoka kwa Wazungu. Nyuso zetu zina ramani yake.

Ile picha ndefu ya meno yote usiipimie milimita kabisa, inapinda. Sitiskani ya meno hutoa vipimo halisi, lakini mionzi yake ni mingi zaidi, na kwa waya za kawaida za kunyoosha meno mimi nisingeikimbilia. Wala usipige filamu kwa simu ukiwa umeiegemeza dirishani kama nilivyofanya mimi, ukamtumia daktari WhatsApp. Alinicheka.

Yako ina rula? Tupia namba zake hapa tuzigawanye.